Jina la Mama Kwenye Cheti

Juzi jirani zangu wa hapa Jang'ombe walikuwa wakimsinga bi harusi, na baina ya mlango wao na wangu pana kichochoro cha kupita mtu mmoja tu. Wakasaga liwa, ule mti wa manukato wa kujipaka. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu ya liwa mbichi inapotoka juu ya jiwe, imechanganywa na marashi, inaingia ndani bila ya kupiga hodi. Wanawake wa watu wakaivuta kwa raha na vigelegele. Mimi nilifunga dirisha nikakaa kitandani, mwanamke mzima mwenye binti wa kuolewa.

Mama yangu alikuwa akipaka liwa usoni kila akimaliza sala ya adhuhuri. Uso wote ukawa wa manjano, yakabaki macho mawili tu yanacheka. Kwao ni Ngazija, ng'ambo ya bahari, na huko mwanamke kupaka liwa mchana ni kama sisi hapa kufunga kanga, hakuna anayegeuka kumtazama. Lakini mlango wetu ukibishwa tu, kitu cha kwanza alichokimbilia ni kata ya maji. Anaosha, anajifuta kwa upindo wa kanga, anaangalia kwenye kioo kama pembeni mwa masikio hapakubaki manjano, halafu anapotelea uwani. Nikadhani liwa ni kitu cha aibu, kitu cha ndani, mfano wa shimizi, ambacho mgeni haifai akione. Nikawa mimi ndiye ninayemkagua. "Hapa bado, mama," namwambia, namwonyesha kwa kidole, na yeye anajisugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu.

Alikuja Unguja msichana, kwa meli, amefuatana na shangazi yake aliyekuwa akiuza vitambaa. Shangazi akarudi kwao, yeye akabaki, kwa sababu Saidi Mbaraka alikuwa keshamwona. Saidi Mbaraka ni baba yangu. Namtaja kwa jina lake kamili na nitawataja na wenziwe, maana wao walikula, wakalala, wakazeeka na majina yao safi, na aliyechafuliwa jina ni mtu mmoja tu.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli huko Mji Mkongwe. Alikuwa na mke wake mkubwa, Zuwena Khamis, anakaa Bububu, na miaka kumi ilikuwa imepita hajamzalia mtoto. Mama akaolewa mke wa pili, chumbani kwa mtu, akaozwa na maalimu ambaye hakumaliza mwaka akafariki. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu wa bara, akenda zake na hajaonekana tena. Wa pili alikuwa Makame Faki, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa sheha wetu, mkubwa wa mtaa. Cheti cha ndoa hakikuandikwa. Karatasi za kumruhusu mama kuishi hapa hazikuwapo pia, na kila akimkumbusha baba, jawabu ilikuwa moja: "Ntashughulikia, Hadija. Una haraka gani? Kwani nani anakufukuza?"

Aliposhika mimba yangu akaogopa kwenda kliniki, kwa kuwa huko wanauliza jina na unakotoka. Zuwena ndiye aliyemfuata. Sitamsingizia, siku ile alikuja na roho yake nyeupe. Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwepo na ndiye aliyenisimulia. Zuwena alikaa kitandani, akatoa kadi ya kliniki aliyokuwa ameiandikisha kwa jina lake, akasema kwa kucheka, "Chukua, mke mwenzangu. Wewe beba mimba, mimi ntabeba jina. Si zote za Saidi?" Wakacheka wote watatu. Mama akazaa kwa kadi ile, na cheti changu kikatoka kwa kadi ile. Mtoto: Rukia. Baba: Saidi Mbaraka. Mama: Zuwena Khamis.

Nilipoanza kusema maneno yakaeleweka, mama akaanza kunisomesha somo lake.

Nililipenda kuliko mchezo wowote. Mama anavaa kofia ya baba, anachukua daftari na penseli, anatoka nje, anabisha. "Hodi!" Sauti anaifanya nzito kama mwanamme aliyekula pilipili. Nafungua mlango, nacheka. "Usicheke," anasema, "mimi mtu wa serikali. Jina lako nani?"

"Rukia Saidi."

"Mama yako nani?"

"Zuwena Khamis."

"Yuko wapi?"

"Yuko Bububu kwetu. Atakuja jioni."

"Na yule mwanamke niliyemwona uwani, mwenye ndoo, yule nani?"

"Yaya."

Nikijibu vizuri mpaka mwisho bila ya kucheka wala kumwangalia machoni, anavua kofia, anapiga makofi, ananipa kipande cha kashata. Nikikosea, ananifinya paja, si sana, na tunaanza upya kutoka hodi. Mwanzo nilikuwa nikikosea pale kwenye yaya. Ulimi ulikataa. Nasema "yule ma—" halafu najishika mdomo. Ndipo alipokuwa akinifinya. Lakini nilipofika miaka sita nilikuwa bingwa. Hata nikiamshwa usingizini naweza kulijibu lote.

Siku moja wakaja kweli. Wanaume wawili, mmoja na faili, mwengine na kalamu sikioni. Mama alikwisha pita uwani, akaingia jikoni kwa Bi Mize. Wakaniuliza yale yale, kwa mpango ule ule, ila kidogo ulipotoka, nami nikawajibu kama ninavyosoma Alhamdu. Yule wa kalamu akanipapasa kichwa. "Mashallah, mtoto hodari." Wakaenda zao. Kitambo mama akarudi, ananuka moshi, akapiga magoti sakafuni akanikumbatia, na mwili wake wote ulikuwa ukitikisika. Nikadhani anacheka. Na mimi nikacheka. Siku ile nilipewa kashata nzima.

Sasa nije kwa Makame Faki. Makame alijua kila kitu, maana alikaa mkekani siku ya nikaha akasikia ijabu na kabuli kwa masikio yake mawili. Kwa siri ile mama alikuwa akimpikia. Kila Ijumaa, baada ya sala, sheha anakuja kukaa barazani kwetu, na mama anamtolea mkate wa kumimina uliokolea tui, na chai ya tangawizi. "Hadija," anasema huku anajipangusa mafuta mdomoni, "maadamu mimi niko hai, hakuna atakayekugusa katika mtaa huu." Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa barazani, kinakula mkate. Ijumaa moja alifika mapema akatukuta katikati ya somo, mama na kofia kichwani. Akasimama mlangoni akasikiliza mpaka nikafika kwenye yaya. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hebu tena," akasema, "hebu rudieni nisikie." Tukarudia. Mama akaona haya, lakini alifurahi pia, kwa kuwa nilijibu bila ya kukosea hata neno.

Nilikuwa na miaka saba baba alipomwacha mama. Alisema hawezi tena kulisha nyumba mbili. Alitoa talaka yake akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, halafu akaongeza, "Rukia atakwenda Bububu. Zuwena yuko peke yake."

Mama akamwambia, "Mimi niache, haki yako. Mtoto humchukui. Mtoto mdogo yuko kwa mama yake, na hilo hata wewe uliyekimbia chuo unalijua."

"Mama yake nani?" baba akamuuliza. Bi Mize alikuwa akisikia kutoka kwake, na aliniambia kwamba baba alisema pole pole, kama mtu anayejaribu kisu kwa kidole. "Mama yake nani, Hadija? Karatasi inasemaje?"

Haikupita wiki tatu, barua ya kuitwa kwa kadhi ikaja. Aliyeileta ni Makame. Ilikuwa Ijumaa, na mkate alikula kwanza.

Bi Mize akamsihi mama asende. Walikuwa wakichagua mchele uwani, mimi naokota chuya. "Usende, mwanangu. Pale yuko karani na daftari. Utaulizwa umetoka wapi, umeingia vipi. Utatoka pale na polisi."

"Nsipokwenda nshamtoa," mama akasema.

"Ukenda utatolewa wewe."

"Kadhi haulizi makaratasi, Bi Mize. Kadhi anauliza haki. Na shahidi wa ndoa yangu ninaye. Makame atasema."

"Makame!" Bi Mize akautupa mchele sinia nzima ikalia. "Makame tumbo lake liko wapi siku hizi? Ulishamuuliza?"

Kweli kulikuwa na maneno kwamba Makame anaonekana Bububu, anakula kwa Zuwena. Mama hakutaka kuyasikia. Mtu mwenye kamba moja tu ya kushikilia hawezi kuikagua kama imeoza.

Siku yenyewe alinivisha gauni la Idi. Tukenda kwa miguu mpaka Mji Mkongwe, na njiani akaninunulia ubuyu. Aliniambia, "Tunakwenda mahali pa watu wakubwa. Kaa kimya. Ukisemeshwa, jibu, usiogope." Basi. Hakuniambia zaidi, na mimi mpaka leo simlaumu, kwa kuwa hakufikiri hata kidogo kwamba mtoto ataulizwa kitu. Alifikiri mambo yatakuwa baina yake na baba na shahidi.

Tukapanda ngazi za mbao. Chumba kilikuwa na mabenchi, na feni inayozunguka bila ya kuleta upepo. Kadhi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, na pembeni yake karani na daftari kubwa. Sitomtaja kadhi miongoni mwa wabaya wangu. Alisikiliza kama anavyotakiwa mtu kusikiliza. Zuwena alikaa upande wa pili na baba, amevaa buibui jipya, akanikonyeza, na mimi nikamkonyeza, maana Zuwena sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa nikimwita mama mkubwa, na kwake kulikuwa na kuku.

Baba akasimama akasema mtoto ni wake na mkewe Zuwena. Akatoa cheti. Mwanamke yule, akasema bila ya kumtazama, ni mtu wa kuja, walimweka awasaidie kazi Zuwena alipokuwa dhaifu baada ya uzazi. Mtoto akamzoea, basi sasa mwanamke kamng'ang'ania.

Mama akasimama. Nilimsikia lafudhi ya kwao imemrudi yote. "Sheikh, mimi mkewe. Kanioa, kaniacha. Mtoto huyu nimemzaa kwa tumbo langu. Shahidi wa ndoa huyu hapa."

Kadhi akasema, "Mama mzazi ana haki ya kulea, na haki hiyo hainyang'anywi kwa kuwa mtu ametoka ng'ambo. Lakini lazima kwanza nijue mama ni nani." Akamgeukia Makame. "Sheha, wewe ulishuhudia ndoa ya watu hawa?"

Makame akasimama, akaweka sawa kofia yake. Nakumbuka kidevu chake kilivyokuwa kinang'aa. "Sheikh, mimi bibi huyu namjua. Ni mfanyakazi wa kwa Saidi. Ndoa sikushuhudia."

Bi Mize alikuwa benchi la nyuma. "Makame! Mkate ule ukutokee puani!" Karani akamnyamazisha. Akataka kusema anachokijua, lakini hakuwepo kwenye nikaha wala chumba cha kuzalia, na kadi ile ya kliniki angeitaja vipi bila ya kuwaambia watu wote kwa nini ilihitajiwa?

Hapo ndipo Makame, ambaye alikuwa hajakaa bado, aliposema yale maneno. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia. "Sheikh, kwa nini tusumbuane? Muulizeni mtoto mwenyewe. Mtoto hasemi uongo."

Kadhi akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Mtoto hana fitina moyoni. Njoo, mwanangu."

Nikamtazama mama. Na mama alikuwa anatabasamu. Mwanamke yule, baada ya yote aliyokwisha kusikia mle ndani, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa sababu aliona sasa jambo limefika kwa mtu asiyeweza kumsaliti. Nami niliuona uso ule nikauelewa kivyangu. Ulikuwa ule ule wa chini ya kofia ya baba. Mtu wa serikali yuko mbele yangu, daftari lipo, kalamu ipo. Nikanyoosha gauni langu nikenda.

"Jina lako nani?" kadhi akaniuliza.

"Rukia Saidi."

"Mama yako nani, Rukia?"

"Zuwena Khamis," nikasema, kwa sauti ya chuoni, ili na wa nyuma wasikie.

Kadhi akavua miwani yake. Akanyoosha mkono, akamwonyesha mama. "Na huyu nani?"

Sikumtazama machoni. Alinifundisha nisimtazame machoni. "Yaya."

Nikasubiri makofi.

Mama aliinuka kama mtu aliyechomwa. "Nimemfundisha mimi! Sheikh, hayo nimemfundisha mimi mwenyewe, wallahi!"

"Umemfundisha?" kadhi akauliza. Alikuwa anataka kujua kweli, niliona hata kwa umri wangu ule. "Umemfundisha mtoto akukane? Mama gani anafanya hivyo? Kwa sababu gani?"

Mama akafungua mdomo. Karani akachovya kalamu. Zuwena akasema, kwa sauti ya chini lakini iliyofika, "Naam, Sheikh, muulize. Alikuwa akijificha kwa kumwogopa nani?"

Mama akamwangalia karani, akaiangalia kalamu, akaniangalia mimi. Kama angesema sababu, angeandikwa, na angeondoka mle ndani na askari, na mimi ningekwenda Bububu vile vile. Mdomo ukafungwa. Akakaa. Kadhi akangoja, akangoja tena, halafu akavaa miwani na kusema mtoto atakwenda kwa wazazi wake.

Kwenye ngazi mama alikuja karibu yangu. Zuwena alikuwa keshanishika mkono. Mama akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Mimi nilikuwa namngoja aniambie neno, maana nilikuwa sijakosea hata pahala pamoja, na niliona watu hawafurahi na sijui kwa nini.

"Umejibu vizuri, mwanangu," akasema. "Umejibu vizuri sana."

Hilo ndilo ambalo limenishinda kulibeba. Angenifinya. Angenipiga kofi pale pale mbele ya watu, leo ningekuwa na mahali pa kuliweka.

Kule Bububu niliishi miezi nikiamini kwamba mama amejificha tu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Watu wanakuja, unajibu, wanaondoka, na yeye anatoka jikoni kwa jirani. Nikawa naingia majikoni ya watu. Wanawake wa Bububu wakanijua, "Huyu mtoto wa Zuwena ana ada gani ya kuchungulia vyungu?" Halafu nikafikiri labda sikujibu sawasawa, labda kuna neno niliruka, ndiyo maana hajatoka. Nikawa nafanya mazoezi peke yangu huku nasaga mchele wa vitumbua alivyokuwa akiuza Zuwena: mama yako nani, Zuwena Khamis, yule nani, yaya. Zuwena akinisikia ananiangalia kwa jicho la pembeni na kuniambia nisage.

Mara mbili mama alikuja, akasimama nje ya chuo tunakosomea, uso umefunikwa na ukaya. Mara ya pili nikamuuliza, "Mbona hutoki?" Hakufahamu nilichokuwa nauliza. Akasema, "Karatasi zikipatikana, nnakuja kukuchukua." Mara ya tatu haikuwepo. Bi Mize aliniambia baadaye kwamba Makame Faki aliwaleta watu wa uhamiaji yeye mwenyewe, akawaonyesha mpaka ule mlango wa uwani unaotokea jikoni kwa Bi Mize, ambao hakuna mtu wa nje aliyeujua. Wakamtia melini na kanga mbili.

Zuwena alinitoa skuli darasa la nne. Vitumbua havijui kusoma, alisema. Kwa hivyo haya ninayaandika polepole, na binti yangu ananirekebishia herufi. Alinilisha, alinivisha, hakunitesa kwa fimbo. Alitaka mtoto, na alipompata akaona kuwa mtumishi anamfaa zaidi.

Nilifahamu nilichokifanya nikiwa na miaka kumi na mbili hivi. Zuwena alikuwa na mgeni wake sebuleni, mimi napita na sinia. Akasema, anacheka, "Makame ndiye aliyetuambia. 'Msihangaike na mashahidi,' katuambia, 'mama mtu keshamsomesha mtoto kila kitu. Muulizeni mtoto tu.'" Yule mgeni akaniangalia. Nikaweka sinia chini, nikarudi jikoni, nikaendelea kuchoma vitumbua, na sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba nilivigeuza vyote na hakuna kilichoungua.

Watu wananiambia nijisamehe. Waniache. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba aliyemsikiliza mama yake, sina la kujisamehe. Wenye kusamehewa ni watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniomba. Makame alikufa sheha, akazikwa na watu mtaa mzima. Zuwena alikufa mikononi mwangu. Nilimwosha miezi minane, na kila aliyekuja kumwona aliniambia Mungu atanilipa kwa kumtunza mama yangu. Akabaki Saidi Mbaraka, ambaye ninaye hapa, chumba cha mbele, kwa kuwa hana pengine.

Mwaka huu zikaja salamu kutoka Ngazija kwamba Hadija binti Mmadi amefariki. Hatukuonana tena. Tulisemeshana kwenye simu mara tatu nne, alipokuwa keshazeeka na mimi nishakuwa na watoto, na ya mahakamani hakuna aliyeyagusa. Aliuliza watoto wanakula nini, nikamwambia, akauliza tena.

Baada ya hitima nikashikwa na jambo moja. Nataka jina lake liandikwe. Si urithi, hakuacha kitu. Nataka tu kwamba pale penye "mama" paandikwe mama. Nikenda ofisi za vyeti, kijana mmoja mpole akanieleza: ilete hati ya kiapo ya mtu mzima aliyekuwepo ulipozaliwa, aseme makosa yalifanyika. Bi Mize ameshafariki. Aliyekuwepo na yuko hai ni mmoja.

Nikaandikisha hati. Jana asubuhi, baada ya chai, nikaileta na kisahani cha wino, kwa kuwa baba kalamu haimkai tena mkononi. Akili zake zinakwenda na kurudi, lakini asubuhi huwa timamu. Nikamsomea neno kwa neno. Mimi Saidi Mbaraka naapa kwamba mama mzazi wa Rukia ni Hadija binti Mmadi, aliyekuwa mke wangu. Nikamshika dole gumba, nikalichovya.

Akaurudisha mkono.

"Hadija yupi?" akauliza. "Yule yaya?"

"Mkeo, baba. Mama yangu."

Akaniangalia kwa huruma kabisa, kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa. "Alikupenda sana yule bibi," akasema. "Lakini mwanangu, mimi nshakuwa mtu wa kaburi. Uzee huu unataka niape uongo?"

"Si uongo."

"Wewe mwenyewe ulisema, Rukia. Mbele ya kadhi. Mimi nilikuwepo."

Kama amesahau au amekumbuka vizuri sana, mimi sijui, na uso wake haukunionyesha. Nilikaa pale na karatasi mapajani. Ningeweza kumshika mkono kwa nguvu nikalibandika lile dole, hana nguvu ya kunizuia, na hakuna ambaye angejua. Lakini kingekuwa kiapo kingine cha kulazimishwa juu ya jina la mama, na vya namna hiyo alikuwa navyo vya kutosha. Nikachukua kitambaa cha maji nikamfuta wino kidoleni, nikasugua mpaka kwenye kucha. Yeye akaniachia mkono wake, akaniuliza mchana tunapika nini.